Mwanangu, kwa nini tunaangalia picha zilezile kila Krismasi

Masasi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima. Bibi yako anakohoa kidogo kwa moshi wa kubangua korosho, lakini chakula anakula. Mvua zimeanza, watu wako shamba.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mkwe wangu amekuuliza mtu anapata raha gani kuangalia picha ya Krismasi ambayo mwisho wake unajulikana tangu mwanzo, tena ya Wazungu wanaokanyaga theluji. Ukakosa jibu, ukaona uniulize mimi niliyekuzoesha.

Raha yenyewe ni hiyo ya kuujua mwisho. Mwaka mzima tunaishi bila kujua. Hujui mnada wa korosho utafunga kwa bei gani, hujui malipo yataingia lini, hujui mgonjwa ataamkaje. Siku ya Krismasi, ibada imekwisha, pilau imeliwa, unakaa mbele ya picha ukijua kabisa kwamba baba atarudi nyumbani na waliogombana watapatana. Moyo unapumzika. Bibi yako husinzia katikati bila wasiwasi. Akishtuka anauliza, "Ameshafika?" Akiambiwa bado, analala tena.

Hayo ya theluji, mweleze habari ya ile picha ya mtu wa darajani, It's a Wonderful Life. Ilitoka mwaka 1946, na ilipigwa California wakati wa joto. Theluji ile ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Wale unaowaona wamejikunyata ndani ya makoti walikuwa wanatoka jasho kama sisi hapa Desemba. Tena ilipotoka haikupendwa sana, hata gharama zake haikurudisha. Mwaka 1974 hakimiliki yake ikaisha bila kuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vinairusha kila Krismasi kwa kuwa ilikuwa bure, na familia zikaizoea zikiwa sebuleni mwao. Kwa hiyo hata kwao wenyewe, ni kule kuirudia pamoja mwaka hadi mwaka ndiko kulikoifanya ipendwe.

Na sasa nikukumbushe jambo ambalo mkwe wangu hakuliona. Ulikuwa bado mdogo. Mjomba wako alikuwa amemzika mkewe mwaka uleule, na tangu msibani hakuna aliyemwona akidondosha chozi. Alikuja kwetu Krismasi, akakaa kwenye mkeka na sinia la korosho za kuchoma, anazimenya, vidole vyeusi tititi. Tukaweka picha ile kwenye deki. Kizungu hakijui, na siku hiyo hakuhitaji mtafsiri. Steringi, George Bailey, anasimamia chama kidogo cha kuweka na kukopa, na baba yake mdogo anapoteza dola 8,000 za chama mkesha wa Krismasi. Mjomba wako, mtunza hazina wa kikundi miaka yote ile, akainuka: "Hiyo hela ya watu hiyo!" Jirani zetu Waislamu waliokuja kula sikukuu nasi wakawa wanamtuliza kama vile hela imepotea hapahapa Masasi.

Ilipofika mwisho, majirani wa yule bwana wanaingia mmoja mmoja na michango yao, wanamwaga noti mezani. Mjomba wako akaacha kumenya. Machozi yakamtoka, akawa anayafuta kwa mkono wa juu, karibu na kiwiko, maana vidole vilikuwa na masizi. Wewe ukamsogezea kikombe cha maji. Hakuna aliyesema kitu. Picha ilipokwisha akaanza mwenyewe kutusimulia habari za mkewe, jinsi walivyokutana Ndanda, jinsi alivyokuwa akimsuta kwa uvivu wa palizi. Tulikaa mpaka usiku mkubwa.

Mwanamume wa huku huwezi kumkalisha ukamwuliza moyo unamuuma wapi. Atakujibu ni mzima. Lakini mkikaa wote mnatazama upande mmoja, mnasikitikia shida ya mtu msiyemjua, ya kwake nayo inapata mlango wa kutokea. Ndiyo maana mimi nalia kila mwaka na sioni haya, na nataka wajukuu zangu wanione nikilia.

Kwa hiyo anza na wanao. Picha yoyote itafaa, hata ya kutafsiriwa, mradi iwe na watu wanaorudi nyumbani. Simu haifai kwa jambo hili, kila mtu atajikunja na ya kwake. Tafuteni runinga, mtandike mkeka, mikono ipate cha kumenya. Na watoto wakiomba ileile mwakani, wawekeeni ileile.

Mjomba wako anauliza kama mtakuja. Mwambie mkwe wangu akate tiketi mapema, mabasi ya huku yanajaa sana karibu na sikukuu. Luku nimeshanunua ya kutosha.

Mama yako