Mkalimani wa bure Uingereza: yupo, lakini si wa kila mtu

Tangu niweke mtandaoni picha yangu nikiwa kikaoni kazini Leeds, Uingereza, mkalimani wa lugha ya ishara ameketi mbele yangu, watu wa Mombasa hawajaniacha nipumue. Shangazi yangu wa Kisauni ndiye aliyeuliza waziwazi: "Serikali ya huko yawalipia viziwi wakalimani. Huyu binti yangu kasoma shule ya viziwi ya Ziwani, sasa amemaliza. Mchukue naye akafaidi." Shangazi, shikamoo. Nakujibu hadharani kwa kuwa hukuwa peke yako.

Kulipwa, kweli analipwa. Mpango wenyewe unaitwa Access to Work, umekuwapo tangu 1994, nao ni wa mwenye ulemavu aliyetimiza miaka 16 na mwenye kazi ya mshahara England, Scotland au Wales. Kwa mwaka wa 2024/25 kikomo kilikuwa pauni 69,260 kwa mtu mmoja. Najua tayari mshazipiga kwa shilingi! Basi jueni pesa hizo si zangu. Ni za mkalimani, na wengi wao hutoza nusu siku nzima hata kikao kikiwa cha dakika ishirini.

Neno zito hapo ni kazi. Ukijitolea bila mshahara, mfuko huo haukuhusu. Ukiajiriwa, unaomba kisha unangoja, na foleni ni ya miezi. Wakati huo wote wewe uko kazini, wenzako wanacheka mezani, na bosi anakuandikia kwenye karatasi mambo ambayo wengine wameyajadili saa nzima. Wapo viziwi ninaowafahamu waliopoteza kazi wakiwa bado foleni. Hilo huwezi kuliona kwenye picha.

Hospitalini ni mlango mwingine. Sheria ya usawa ya 2010 inamtaka mtoa huduma amwondolee mlemavu vikwazo, kwa hiyo mkalimani hulipwa na hospitali, mgonjwa hadaiwi kitu. Lakini mgeni ameshalipia afya yake kabla hajapanda ndege: tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na mwanafunzi pauni 776. Na pamoja na sheria yote hiyo, kuna kliniki moja walinambia nije na mume wangu anifasirie. Mambo ya tumbo la uzazi, mume ndiye mkalimani! Nilikataa, nikapangiwa siku nyingine.

Sasa makaratasi, maana ndiyo yanayoamua. Nilikuja kwa viza ya ndoa, na viza yangu ilisema wazi kwamba sina haki ya fedha za umma. Posho ya walemavu waiitayo PIP imo kwenye orodha ya fedha hizo, kwa hiyo miaka yote ile sikuigusa. Binti yako akija kama mwanafunzi, ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi walemavu haimhusu mgeni. Chuo kina wajibu wake kisheria, ila yeye ndiye atakayevutana nao, na kwa karo ya mgeni.

Tena kuna maisha yenyewe. Harusi, matanga, khutba ya Ijumaa: hakuna mfuko wa kulipia hayo. Idi nakaa na jamaa, watu wanazungumza mpaka usiku, nami namtazama mwanangu aniibie mawili matatu.

Na hata mkalimani akija, atamsemesha binti yako kwa ishara za Uingereza. Zetu za Kenya ni lugha nyingine. Sisi herufi twazifanya kwa mkono mmoja, wao kwa mikono miwili. Mimi nilikaa mbele ya mkalimani wa kulipiwa nikawa kama mtalii. Ilinibidi nijifunze upya, pamoja na Kiingereza cha kusoma.

Huko nyumbani haki zimeandikwa vizuri, pengine kuliko huku. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mlemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Kifungu cha 120 chaifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Na cha 50 chamwahidi mshtakiwa mkalimani bila malipo. Kinachokosekana ni mtu wa kubanwa alipe. Huku nikikosa mkalimani najua ni nani wa kumwandikia barua. Mombasa, kiziwi akienda hospitali, dada yake huomba ruhusa kazini.

Kwa hiyo shangazi, simkatazi. Lakini kabla hujauza chochote, na aandikie ofisi ya wanafunzi walemavu ya chuo anachokitaka, aulize mambo mawili: nani atalipa mkalimani wake darasani, na je, watamlipia mafunzo ya ishara za huku kabla masomo hayajaanza. Jibu liwe la maandishi. Wakizungusha maneno, msitume hata pauni moja ya karo.