Matofali ya kuchoma kumenyeka chini ya ukuta

Mkuu, umeuliza kwa nini matofali ya kuchoma ya nyumba ya wazazi wako hapo Moshi yanamenyeka safu za chini na kutoa unga mweupe, wakati ya juu bado mazima.

Unga huo ni chumvichumvi, si fangasi. Tofali lina vitundu vidogo sana vinavyofyonza maji ya ardhini, nayo hupanda na chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Masika yakiisha ukuta unakauka, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Ikigandia juu, utaona unga tu. Ikigandia ndani, chembe zake zinakua na kusukuma kuta za vitundu mpaka uso wa tofali unabanduka.

Halafu kuna moto. Udongo unahitaji kama nyuzi 900 hadi 1000 ili chembe zishikane sawasawa, na kwenye tanuru la kuni matofali ya pembeni mara nyingi hayafiki huko. Gonga mawili: lililoiva hulia kama kengele, lisiloiva hutoa mlio mzito. Inaniuma kuona hayo mabichi yakijengewa msingi, maana ndiyo hunywa maji zaidi.

Tafadhali usikubali kupigiwa lipu ya saruji hapo. Inafungia unyevu, nao unapanda juu zaidi. Futa unga kwa brashi kavu (ukiuosha, chumvi inarudi ndani), ondoa udongo uliolundikana ukutani, uelekeze maji ya bati mbali na nyumba. Matofali yaliyokwisha kabisa yatolewe, yawekwe yaliyoiva kwa mota ya chokaa.