SAVE na LOAD kwenye Commodore 64: kodi zenu zina makosa yetu ya zamani

Wageni wa asembli, karibuni sana. Ila jamani, kila kodi mnayotuonyesha ina kosa lilelile, na huwa linaanzia penye SAVE, ruti ya kompyuta hii ya kuhifadhi faili (LOAD ni ya kulipakia). Alama $ ni namba za heksadesimali.

1. Utaratibu ni SETLFS ($FFBA, namba ya faili na kifaa), SETNAM ($FFBD, jina la faili), halafu SAVE ($FFD8). Rejista A inabeba mahali pa ukurasa sifuri (baiti 256 za kwanza za kumbukumbu) palipo na anwani ya mwanzo: LDA #$FB, si LDA $FB. X na Y zinabeba mwisho jumlisha moja: skrini inaishia $07E7, nyinyi wekeni $07E8.

2. Kwenye LOAD ($FFD5), Y ya SETLFS ikiwa 0 faili linashukia anwani mliyoweka kwenye X na Y; ikiwa 1, linarudi lilikotoka, maana baiti zake mbili za kwanza ndizo anwani.

3. Sasa picha iliyowekwa kwenye anwani $E000. Hapa tukiri tu, wakongwe wote tumelia. Unachora picha ya baiti 8000, unaita SAVE, draivu inazunguka, bendera C ni sifuri (hakuna kosa), orodha ya diski inaonyesha bloku 32. Hesabu imetimia! Unafanya verifai (kulinganisha faili na kumbukumbu), inakubali. Unazima mashine ukalale. Kesho yake unapakia, skrini imejaa vumbi la nukta. Ulichohifadhi si picha, ni KERNAL yenyewe, yaani programu za mfumo zilizomo kwenye ROM, kumbukumbu ya kusomwa tu. VIC, chipu ya kuonyesha picha, inaona RAM iliyo chini ya ROM, na kuandika pale kunafika kwenye RAM, lakini SAVE inaposoma inakutana na ROM. Verifai nayo inasoma ROM ileile, ikilinganisha KERNAL na KERNAL, itakosaje kukubali? Dawa: SEI (zuia interapti), weka $35 kwenye $01 (swichi ya kuchagua ROM au RAM), nakili kurasa 32 kwenda $2000, rudisha $37, CLI (ruhusu interapti), ndipo uhifadhi $2000 hadi $3F40. Na wakati wa kunakili usiguse kitufe cha RESTORE, maana kinaleta NMI, interapti isiyozuilika. NMI haizuiwi na SEI, na vekta yake (anwani ya kurukia) wakati huo inasomwa kutoka kwenye RAM iliyo chini ya ROM.

(Aliye na data $A000 ana nafuu: $36 kwenye $01 inatosha, hahitaji kunakili.)

4. Jina likiwa tayari lipo kwenye diski, SAVE inarudi kimya huku taa ya draivu ya diski, 1541, ikipepesa. Someni chaneli 15, ya ujumbe wa makosa, mtakuta 63 (faili lipo tayari). Msikimbilie @0: (kuhifadhi juu ya faili la zamani), ina hitilafu inayoweza kuharibu faili jingine. Futeni la zamani kwa S0: kwanza.