Faiba Inayoishia Nguzoni

SWALI: Mhariri, niliunganishiwa intaneti nyumbani kwangu Migosi, Kisumu, na kampuni iliyonieleza kuwa ni ya faiba. Hata hivyo, waya unaoingia ukutani ni mnene, mweusi na una shaba katikati, mfano wa ule wa antena ya televisheni. Jioni kasi hushuka, kutuma video ni taabu saa zote, na stima ikipotea mtaani kwa muda mrefu intaneti hukatika, ingawa modemu yangu ina betri ya akiba. Je, nimedanganywa?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, faiba ipo, ila haikufika kwako, na ulistahili kuelezwa hivyo kabla ya kulipa. Dalili zote ulizotaja ni za mtandao mseto wa faiba na kebo ya koaksia, yaani waya wenye shaba katikati kama huo wako. Taarifa hutoka kituo kikuu cha kampuni kama mwanga ndani ya faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo, hadi kwenye kisanduku kiitwacho nodi, ambacho mara nyingi hufungwa kwenye nguzo au waya wa nguzo, na hapo mwanga hugeuzwa kuwa mawimbi ya redio yanayomalizia safari ndani ya kebo ya shaba. Mpangilio huu ulirithiwa kutoka televisheni ya kebo. Kwa kuwa shaba hufifisha mawimbi, kampuni zililazimika kuweka amplifaya nyingi mfululizo, yaani vifaa vya kukuza mawimbi, kila moja ikiongeza kelele yake, yaani mawimbi yasiyotakiwa. Faiba ilipochukua nafasi ya sehemu ndefu ya njia, msururu huo ulifupika, na kebo zilizokwisha kufika majumbani zikaachwa zilivyo. Kanuni za kupitisha intaneti humo, ziitwazo DOCSIS, zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1997.

Nodi moja huweza kuhudumia mamia ya nyumba, zote zikigawana masafa yale yale, na ndiyo maana watu wakirudi nyumbani kutoka kazini kasi hushuka. Chaneli moja, yaani kipande cha masafa hayo, yenye upana wa megahezi 8 hubeba takriban megabiti 50 kwa sekunde, na tangu toleo la 3.0 la DOCSIS la mwaka 2006 modemu huweza kuunganisha chaneli kadhaa kwa pamoja.

Kutuma ni jambo gumu zaidi. Katika mgawanyo uliozoeleka Ulaya, taarifa zinazotoka kwako hupewa megahezi 5 hadi 65 pekee, ilhali zinazokuja kwako hupewa nafasi inayokaribia megahezi 1,000. Isitoshe, kelele inayoingia kupitia kiungio kilicholegea katika nyumba yoyote hupanda hadi kwenye nodi, ikachanganyika na ya nyumba nyingine zote, kiasi kwamba kosa la fundi kwa jirani usiyemjua huweza kuharibu kazi yako.

Kuhusu umeme, nodi na amplifaya huutegemea, nao hupitishwa ndani ya kebo hiyo hiyo kutoka kifaa kilichoko mtaani. Betri za kifaa hicho, kama zipo, zikiisha, yako haitakusaidia.

Anza kwa kukaza viungio vyote kwa mkono na kuondoa kigawanyi (kifaa cha kugawa kebo moja iwe njia kadhaa) usichokihitaji, kwani kile cha njia mbili hupunguza nguvu ya mawimbi kwa nusu. Kisha pima kasi asubuhi na jioni, kompyuta ikiwa imeunganishwa na modemu kwa waya. Ikiwa asubuhi ni nzuri na jioni ni mbaya, nodi imeelemewa, na ni kampuni pekee inayoweza kuigawanya. Ikiwa hali huzidi kuwa mbaya baada ya mvua, jambo la kawaida Kisumu, shuku maji katika kiungio cha nje na udai kibadilishwe, badala ya kukubali kuuziwa kifurushi kikubwa zaidi.

Faiba inayofika hadi ndani ya nyumba kwa kawaida haihitaji umeme popote njiani. Hata hivyo, kugawana hakuishi: katika mfumo wake uliozoeleka, takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kwa hiyo kampuni nyingine ikija kukushawishi, uliza ni nyumba ngapi zitagawana njia moja nawe, na kama waya utakaopenya ukuta wako ni wa kioo au wa shaba.