Barua kwa mwanangu: kuhusu zile sindano za mgongo

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza: "Mama, nilizaliwa mzito wa kuelewa, au ni zile dawa?"

Hukuzaliwa mzito. Kabla hujaugua ulikuwa ukitumwa kwa jirani na maneno marefu, unayafikisha yote na ya kwako unaongezea.

Saratani ya damu hupenda kujificha kwenye ubongo, ambako dawa ya dripu hufika kwa shida. Ndiyo maana ulichomwa sindano za mgongo, methotreksati iingie moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti. Dawa hiyo huzuia seli kutumia foleti, aina ya vitamini, nazo bila foleti haziongezeki. Saratani hufa, lakini ubongo wa mtoto wa miaka minne nao ulikuwa bado unajengwa, nyuzi zake zinavikwa utando kama waya wa umeme na plastiki yake. Utando ukiwa hafifu, habari hufika kwa kuchelewa. Miaka ya 1960, daktari Donald Pinkel na wenzake kule Memphis, Marekani, walipiga vichwa vya watoto wenye saratani hiyo mionzi. Wengi wakaanza kupona, jambo ambalo lilikuwa nadra, ila baadaye shuleni walihangaika, hasa waliotibiwa wakiwa wadogo. Kwa watoto wengi sindano zikachukua nafasi ya mionzi. Wewe ulipata njia ya nafuu. Nafuu, si bure.

Kilichowachanganya walimu ni kwamba mambo hayakuonekana mapema. Nywele ziliota, darasa la kwanza na la pili ukaenda vizuri. La tatu ndipo tukaanza kuona. Mwalimu anafuta ubao, wewe uko mstari wa pili. Hesabu ya hatua nyingi, hatua ya kwanza sahihi, ukifika ya pili namba uliyobeba imeshapotea. Kusoma ulisoma, kueleza ulieleza. Ulichokijua hukukisahau, ila wenzako waliongeza kasi na wewe ukabaki na mwendo wako. Kuna mwalimu aliandika "mvivu" kwenye ripoti yako, na mpaka leo neno hilo linanikera. Mtoto anayekesha akinakili daftari la mwenzake anaitwaje mvivu?

Sitakuambia kila kitu ni dawa. Shule uliikosa muda mrefu, na hesabu kwenye ukoo wetu hazijawahi kumpenda mtu.

Sasa huyo bosi uliyesema anakupa maagizo matatu ukiwa umesimama mlangoni. Nenda na kijitabu, andika mbele yake, kisha msomee ulichoandika. Akiongea haraka mwambie, "Naomba unitumie kwa meseji, nisikose hata kimoja." Hakuna bosi anayechukia hilo. Kazi ya tarakimu ifanye asubuhi kabla ofisi haijajaa kelele, na umalize moja ndipo ushike nyingine. Habari ya saratani si lazima umwambie. Watu wetu wakisikia neno hilo huanza kukusalimia kwa sauti ya msibani.

Ila daktari mwambie. Muombe akupeleke kwa mwanasaikolojia akupime umakini na kumbukumbu, ujue hasa panapokwama. Atataka kujua ulipewa dawa gani na kwa kiasi gani. Kadi zako za kliniki zote ninazo kwenye sanduku la vyeti. Nitazitoa kopi kwanza, halisi nikutumie kwa basi la Jumamosi. Namba ya kondakta nitakutumia.

Mama yako