ULIZA UJIBIWE: Piramidi ya Khufu, viumbe wa sayari nyingine na Mayele

SWALI: Mambo vipi anko. Shemeji yangu kila siku ananirushia vivideo vya TikTok, anasema ile piramidi kubwa ya Misri haikujengwa na binadamu, eti ni viumbe wa sayari nyingine. Mi nabisha ila sina cha kumwonyesha. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Poa. Shemeji yako hayuko peke yake bana, 2020 Elon Musk naye aliandika hivyo hivyo Twitter, waziri mmoja wa Misri akamjibu aje aone makaburi ya waliojenga. We mpe shemeji jina moja tu, Merer. 2013 timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilikuwa inachimba Wadi al-Jarf, bandari ya kale kwenye Bahari ya Shamu, wakakuta karatasi za mafunjo zenye maandishi ya miaka kama 4,500 iliyopita, enzi za Farao Khufu, mwenye hiyo piramidi, na humo kuna daftari la kazi la huyu Merer. Alikuwa kiongozi wa genge la watu kama 40, wanapakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, wanayapeleka kwa boti mpaka Giza, mahali ilipo piramidi, halafu wanarudi tena, safari mbili tatu kila siku 10. Anaandika kama dereva wa lori, leo tumepakia, leo tumelala njiani, leo tumeshusha. Hadi bosi anamtaja, Ankhhaf, ndugu wa baba mmoja na Khufu. Na kuna karatasi nyingine za hesabu ya chakula walicholetewa, mikate na nini, sasa hao viumbe waliovuka nyota zote hizo wakaja kuandikiana mikate?

Akizidi kubisha mwambie habari ya vyumba vidogo vilivyo juu ya chumba cha mfalme. Havina mlango, 1837 Mwingereza Howard Vyse alilipua njia kwa baruti (ustaarabu sifuri, ila ndo ilivyokuwa) akakuta ukutani majina ya magenge ya wajenzi yamepakwa kwa rangi nyekundu, na jina la Khufu limo.

SWALI: Habari anko. Mimi tangu Sunday school najua piramidi zilijengwa na watumwa Waisraeli. Juzi mwalimu wa kijana wangu akasema si kweli. Nani mkweli? (Mama wa Nakuru)

JIBU: Mwalimu yuko sawa mama, na Biblia yenyewe haijasema hivyo. Fungua Kutoka 1:11, miji iliyotajwa pale ni Pithomu na Ramesesi, na kazi ilikuwa ya udongo na matofali. Ile ya Khufu ni mawe, zaidi ya milioni 2, na ilishakuwepo karne nyingi kabla ya Farao yeyote aliyeitwa Ramesesi. Pale Giza 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta uliofukiwa na mchanga, kumbe ni makaburi ya wafanyakazi. Wamezikwa na mikate na bia zao karibu kabisa na mfalme, wengine mifupa ilivunjika ikatibiwa ikaunga vizuri. Kazi ilikuwa ngumu, tena sidhani kama kila mtu alikuja kwa hiari yake, ila mtumwa wa kutupwa hazikwi hivyo.

SWALI: Ndani kuna dhahabu? (Kijana wa Bujumbura)

JIBU: Hakuna. Kuna sanduku la jiwe, tena tupu, halina hata kifuniko. Inasemekana khalifa al-Ma'mun alitoboa njia karne ya 9, na watalii mpaka leo wanaingilia tundu hilo. Kilichopatikana cha maana kilikuwa nje, 1954, mashua ya mbao za mierezi yenye urefu wa mita 43 hivi, imefunguliwa vipande vipande na kufukiwa pembeni. Halafu cheki hii, Khufu mwenye piramidi iliyokuwa na mita 146 kwenda juu ilipojengwa, sanamu yake nzima inayojulikana ni ya pembe ya ndovu, ina sentimita 7 na nusu tu. 2023 pia walitangaza ujia wa mita 9 nyuma ya ukuta wa kaskazini, waliuona kwa miale inayotoka angani, nao mtupu.

SWALI: Anko, timu ya Misri ya yule mshambuliaji wetu wa zamani wa Yanga, Mayele, inaitwa Pyramids kwa sababu iko kwenye piramidi? (Mwananchi wa Mwanza)

JIBU: Hahaa, hapana. Ilikuwa inaitwa Al Assiouty, timu ya kule kusini mwa Cairo, 2018 ikanunuliwa na tajiri wa Saudia ikabadilishwa jina na kuhamia Cairo. Jina linauza, ndo hivyo hivyo piramidi iko kwenye noti ya dola 1 wakati Marekani hawana hata moja ya farao. Mwanza mnawakumbuka, 2019 waliwafunga Yanga 2-1 hapo hapo uwanja wa Kirumba, kule kwao 3-0. Mayele alihamia 2023, na 2025 akafunga kwenye fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns wakabeba ubingwa wa Afrika.