Mkopo, mkandarasi na kijana wa Wete

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini jengo la tatu la abiria katika uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, lilijengwa na kampuni ya Kichina ya Beijing Construction Engineering Group badala ya wazalendo. Sababu kubwa ni fedha: mkopo ulitoka Benki ya Exim, benki ya serikali ya China, na mikopo ya aina hiyo kwa kawaida huja na mkandarasi wake. Hilo nalielewa. Linaloniuma ni kwamba kijana wa Wete, kule Pemba, anayemwaga zege la mtaro wa barabara inayojengwa na wageni kwa ujira wa siku, bila ya kuonyeshwa hata mara moja namna ya kusoma mchoro, hubaki kibarua vilevile barabara inapokwisha, nasi tukamwita tena mkandarasi mgeni kalvati likibomoka.